Kompaila ya Kwanza: Namna Jukwaa Jipya la Kompyuta Linavyopata Lugha

Prosesa haielewi Kiswahili, Kiingereza wala lugha ya C. Inachoelewa ni mfululizo wa namba ambao kila kipande chake, kwa mujibu wa usanifu wa prosesa hiyo, huamuru tendo dogo kama vile kujumlisha, kuhamisha au kuruka hadi sehemu nyingine ya kumbukumbu. Programu inayogeuza maandishi ya mtunzi wa programu, yaani msimbo chanzo, kuwa mfululizo huo, yaani msimbo wa mashine, huitwa kompaila. Kwa kuwa kompaila nayo ni programu, lazima iwe imetafsiriwa na kompaila nyingine kabla ya kufanya kazi, na kwa kuwa kompaila nyingi kubwa za leo zimeandikwa kwa lugha zilezile zinazozitafsiri, mduara hujifunga kabisa pale inapoingia sokoni prosesa ya usanifu mpya ambayo haijawahi kuendesha kompaila yoyote. Namna mduara huo unavyofunguliwa, gharama ya kuufungua, na nani anayebaki na uwezo wa kuufungua tena, ndiyo mambo yanayochunguzwa hapa.

Suala hili si la maabara za California na Zürich peke yake. Katika kata ya Malolo, wilayani Kilosa kwenye jimbo la Mikumi, ambako skimu ya umwagiliaji ya Mwega hunywesha mashamba, vitunguu vikiwemo, programu ambazo mkulima anaweza kukutana nazo ni za aina mbili, na karibu zote zimetafsiriwa kwenye mashine ambayo mkulima huyo hajawahi kuiona. Aina ya kwanza ni zile zilizomo ndani ya simu za Android. Aina ya pili ni zile zilizofichwa ndani ya vifaa vidogo vya shambani, kama vile vipima unyevu vya Chameleon vilivyopelekwa katika skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, jirani na Morogoro iliko Kilosa, kupitia mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2013. Kifaa hicho huonyesha rangi ya bluu udongo ukiwa na maji mengi, kijani ukiwa na maji ya kutosha, na nyekundu ukiwa umekauka, ili mkulima ajue kama zamu ya maji imefika au bado. Tofauti kati ya aina hizi mbili ni ya msingi katika mjadala wote, kwa hiyo inafaa iwekwe wazi mapema.

Kidhibiti kidogo cha aina inayotumiwa sana na wabunifu wa vifaa vya bei nafuu, ATmega328 kilichomo katika ubao wa Arduino Uno, kina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Kompaila ya kisasa haiwezi kuingia humo hata sehemu yake ndogo. Mashine kama hiyo itabaki kuwa lengo daima: programu zake zitatafsiriwa mahali pengine na kupakiwa kwa waya, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Ndivyo ilivyo hata kwa 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka kituo cha anga za juu cha kimataifa mwezi Mei 2018, kwa sababu hakuna anayetarajia kompyuta iliyo angani ijitafsirie programu. Simu ni jambo jingine. Prosesa ya ARM iliyomo ndani ya simu ya kawaida ina uwezo unaozidi kwa mbali ule wa kompyuta kubwa ambazo kompaila nyingi maarufu zilizaliwa ndani yake, na mazingira ya Termux, yanayomruhusu mtumiaji wa Android kuandika amri kama kwenye Linux, yana kompaila za C na za Go zinazofanya kazi ndani ya simu yenyewe. Simu basi inaweza kuwa mwenyeji, yaani mashine ambayo kompaila huendeshwa juu yake, na si lengo tu. Kwamba mara nyingi huchukuliwa kama chombo cha kupokelea kazi za wengine ni mazoea ya watu. Uwezo wa mashine haukatai.

Njia ya kuifikisha mashine mpya kwenye uenyeji huitwa kujianzisha, na nyenzo yake kuu ni kompaila mtambuka, yaani kompaila inayoendeshwa kwenye mashine ya aina moja huku ikitoa msimbo wa mashine ya aina nyingine. Ili hatua zake zisichanganye, wataalamu hutumia tangu mwaka 1961 mchoro uliopendekezwa na Harvey Bratman, wenye umbo la herufi T, ambao huonyesha kila kompaila kwa lugha tatu: lugha inayosomwa, lugha inayotolewa, na lugha ambayo kompaila yenyewe imeandikwa. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuisahau lugha ya tatu.

Tuseme kuna mashine ya zamani yenye kompaila inayofanya kazi, na mashine mpya isiyo na kitu. Mwandishi wa kompaila huanza kwa kuandika upya sehemu yake ya nyuma, yaani ile inayochagua amri za prosesa na kugawa rejista, ili itoe msimbo wa mashine mpya. Sehemu ya mbele, inayosoma na kukagua sarufi ya lugha, haiguswi. Msimbo chanzo huu uliorekebishwa hutafsiriwa na kompaila ya zamani, na kinachopatikana ni programu inayoendeshwa kwenye mashine ya zamani lakini inayotoa msimbo wa mashine mpya: hiyo ndiyo kompaila mtambuka. Kisha msimbo chanzo uleule, bila kubadilishwa, hupitishwa tena ndani ya kompaila mtambuka, na safari hii kinachotoka ni kompaila inayoendeshwa kwenye mashine mpya na kutoa msimbo wa mashine mpya. Hapo mashine ya zamani inaweza kuzimwa. Mhandisi mwangalifu haizimi mara moja, kwa sababu bado kuna jaribio moja: kompaila iliyofika hujitafsiri yenyewe juu ya mashine mpya, zao lake nalo hujitafsiri tena, na matokeo ya raundi mbili za mwisho hulinganishwa baiti kwa baiti. Mkusanyiko wa kompaila wa GCC, ulioanzishwa na Richard Stallman na kutolewa kwa umma mwaka 1987, hufanya ulinganisho wa namna hii kama sehemu ya ujenzi wake wa kawaida, na baiti moja ikitofautiana ujenzi husimama.

Katika maandishi njia hii huonekana nyepesi. Ugumu wake umo katika mambo ambayo mashine ya zamani huyadhani kuwa ya ulimwengu wote ilhali ni ya kwake peke yake. Mashine moja huhifadhi namba ndefu kwa kuanza na baiti nzito, nyingine kwa kuanza na nyepesi. Moja huhesabu anwani kwa biti 32, nyingine kwa 64. Kompaila ikikutana na hesabu ya namba zisizobadilika, kwa mfano kuzidisha desimali mbili zilizoandikwa ndani ya msimbo, huikokotoa palepale ili programu isipoteze muda baadaye; lakini ikiikokotoa kwa desimali za mwenyeji, na mwenyeji akawa anakadiria tofauti na lengo, programu itabeba jibu ambalo mashine lengwa isingelitoa kamwe. Kwa sababu hiyo GCC hutegemea maktaba za hisabati za GMP na MPFR, ambazo hukokotoa kwa programu, tarakimu kwa tarakimu, bila kutegemea tabia ya prosesa iliyo chini yake. Kosa la aina hii ni baya kuliko programu inayovunjika, kwa kuwa programu yenye kosa hili huendelea kufanya kazi na kutoa namba ambazo hakuna anayezitilia shaka.

Kuna pia mduara mdogo ndani ya mduara mkubwa. Programu ya C huhitaji maktaba ya msingi, yaani hazina ya kazi za kawaida kama kusoma faili na kuandika kwenye skrini. Maktaba hiyo hutafsiriwa na kompaila, na kompaila kamili nayo huhitaji vichwa vya maktaba hiyo ili kujenga sehemu zake za usaidizi. Mafundi hulitatua hili kwa kujenga kwanza kompaila mtambuka iliyopunguzwa, isiyojua maktaba yoyote, kisha kuitumia kutafsiri maktaba, kisha kurudi kujenga kompaila kamili. Ugumu mwingine huletwa na hati za usanidi zinazopima mashine kwa kutafsiri programu ndogo na kuiendesha papo hapo, jambo lisilowezekana pale programu hiyo ni ya prosesa isiyokuwepo mezani. Ndiyo maana GCC hutenganisha majina matatu: mashine ambayo kompaila inajengwa juu yake, mashine itakayoiendesha kompaila hiyo, na mashine itakayopokea msimbo wake. Zote tatu zikiwa tofauti, kazi inafanyika mahali pamoja kwa ajili ya mahali pa pili ili pahudumie pa tatu.

Mradi wa Debian, unaokusanya maelfu ya programu huria kuwa mfumo mmoja wa Linux, unaonyesha ukubwa wa kazi inayobaki baada ya kompaila kufika. Prosesa za RISC-V, ambazo usanifu wake ni wazi na hautozwi ada ya leseni, zilikubaliwa rasmi na Debian mwezi Julai 2023, na toleo la kwanza imara lililozijumuisha lilitoka Agosti 2025. Sehemu kubwa ya kazi ya kuleta jukwaa jipya katika mfumo wa aina hii ni kufungua vifundo vya programu zinazotegemeana kwa mzunguko, moja ikihitaji nyingine ili ijengwe, na ile nyingine ikiihitaji hiyo ya kwanza.

Historia inaonyesha kwamba njia ya mtambuka haikuwa ya pekee, na njia nyingine zinastahili kukumbukwa. Mwaka 1962, Timothy Hart na Michael Levin wa MIT waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp, na hawakuhitaji mashine ya pili, kwa kuwa tayari walikuwa na kifasiri, yaani programu inayosoma msimbo chanzo na kuutekeleza moja kwa moja bila kutoa msimbo wa mashine. Kifasiri kiliiendesha kompaila, kompaila ikajitafsiri yenyewe, na kuanzia hapo ikajitegemea. Kundi la Niklaus Wirth huko Zürich lilichukua njia ya katikati katika miaka ya 1970: kompaila ya Pascal ilifanywa itoe msimbo wa mashine ya kufikirika, hivyo aliyetaka Pascal kwenye kompyuta mpya alihitaji kuandika tu kifasiri kidogo cha mashine hiyo ya kufikirika. Nao Stephen Johnson na Dennis Ritchie walipoupeleka mfumo wa Unix kutoka PDP-11 hadi Interdata 8/32 mnamo 1977 na 1978, walitegemea kompaila ya C iliyobuniwa tangu mwanzo ili sehemu yake ya nyuma ibadilishwe.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya historia hii, ingawa upande wa kupokea. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake baada ya matatizo ya kuendesha hesabu zake kwa mashine. Kampuni ya ICT ilikuwa imeungana na nyingine mwaka 1968 kuwa ICL, na mashine za familia ya 1900 zilisambaa katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza. Ni juu ya familia hiyohiyo ya ICL 1900 ambapo Jim Welsh na Colum Quinn wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walileta Pascal iliyotengenezwa Zürich kwa mashine za CDC 6000, wakachapisha maelezo ya kazi yao mwaka 1972. Waliofanya hivyo walikuwa watumiaji wa chuo kikuu. Hawakuwa watengenezaji wa mashine, na tukio hilo linathibitisha kwamba lugha mpya inaweza kuletwa kwenye mashine iliyonunuliwa bila kusubiri muuzaji, mradi wawepo watu wanaouelewa mnyororo mzima na wenye ruhusa ya kuusoma msimbo chanzo. Pengo la Tanzania ya wakati ule linaelezwa mara nyingi kwa fedha za kigeni na kwa usimamizi, lakini upungufu wa watu wa aina ya Welsh na Quinn ulikuwa sehemu nzito ya pengo hilo, na marufuku haikuweza kuwaongeza.

Hali ya sasa inaonekana vizuri zaidi kupitia Nuru, lugha ya programu iliyobuniwa na Watanzania, ambayo maneno yake ya msingi ni ya Kiswahili: mwanafunzi huandika «kama» kwa sharti, «wakati» kwa kurudia, «rudisha» kwa kutoa jibu la kazi aliyounda. Nuru kwa sasa ni kifasiri, na kifasiri hicho kimeandikwa kwa lugha ya Go. Uamuzi huo una matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kompaila ya Go ni mtambuka kwa asili yake: kwa kubadilisha vigeu viwili tu vya mazingira, GOOS kinachotaja mfumo endeshi na GOARCH kinachotaja prosesa, mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ya Windows hupata programu ya Linux au ya Android. Ndivyo Nuru inavyoweza kutolewa ikiwa tayari kwa Linux, Windows na simu za Android zenye prosesa za ARM, na mwanafunzi wa Mikumi asiye na kompyuta akaifungua ndani ya Termux.

Lakini Nuru imerithi pia mnyororo wa Go. Hadi toleo la 1.4 la mwaka 2014, kompaila ya Go iliandikwa kwa C; kuanzia 1.5, lililotoka Agosti 2015, msimbo huo ulikuwa umegeuzwa kuwa Go kwa msaada wa programu, na tangu hapo Go haijengwi bila Go. Toleo la 1.20 lilidai kujengwa na 1.17 au jipya zaidi, la 1.22 likadai 1.20, hivyo anayetaka kuanzia kwenye kompaila ya C hupanda ngazi kwa ngazi kutoka 1.4. Ngazi hiyo inasimama kwenye majukwaa ya zamani tu. Go 1.4 haikuijua RISC-V, iliyoingizwa katika 1.14 mwaka 2020, wala haikuwa na Linux ya ARM ya biti 64. Kwenye mashine hizo hakuna ngazi ya kwanza ya kukanyaga, na njia iliyopo ni kujenga mtambuka kutoka kwenye mashine nyingine, kazi ambayo Go imeiandalia hati iitwayo bootstrap.bash, au kutumia gccgo, kompaila tofauti ya Go iliyomo ndani ya GCC na iliyoandikwa kwa C++. Uwepo wa gccgo ni neema isiyotajwa vya kutosha, kwa kuwa lugha yenye kompaila moja tu, inayojijenga yenyewe tu, imefungwa kwenye historia yake na haina mlango wa pili.

Umuhimu wa mlango huo hauishii kwenye urahisi wa ujenzi. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alieleza katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, namna kompaila inavyoweza kupandikizwa hila inayoitambua programu ya kuingilia mfumo na kuifungulia mlango wa siri, na inayojitambua yenyewe pia, ili kila inapotafsiri msimbo chanzo safi wa kompaila iirudishe hila hiyo ndani ya zao jipya. Msimbo chanzo ukikaguliwa herufi kwa herufi hauonyeshi chochote. Ukompaili mtambuka unaongeza uzito wa onyo hili, kwa kuwa kompaila yenye hila kwenye mashine ya zamani ndiyo inayozalisha kompaila ya kwanza ya mashine mpya. Jukwaa huanza maisha likiwa limerithi ugonjwa wa mzazi. Na jaribio la kulinganisha raundi mbili za mwisho halisaidii hapa, maana hila iliyotulia hujirudia sawasawa baiti kwa baiti. Kwamba zana za ujenzi huchafuliwa kweli kulionekana mwaka 2015, pale nakala za Xcode, zana ya Apple ya kujengea programu, zilizotiwa sumu, maarufu kama XcodeGhost, zilipoambukiza programu za simu za iPhone bila watunzi wake kujua.

Tiba zilizopatikana ni mbili, na zinasaidiana. David A. Wheeler alionyesha, katika makala ya 2005 na tasnifu ya 2009, kwamba kompaila inayotiliwa shaka inaweza kupimwa kwa kutafsiri msimbo chanzo wake kupitia kompaila ya pili isiyo na uhusiano nayo, kisha kuirudia tafsiri hiyo na kulinganisha matokeo. Hila ya Thompson ingehitaji kuwemo katika kompaila zote mbili ili isalimike. Tiba ya pili ni kuipunguza mbegu yenyewe. Wahandisi wa mradi wa bootstrappable builds, wakiwemo Jeremiah Orians na Jan Nieuwenhuizen, walijenga ngazi ambayo, kufikia Aprili 2023, iliuwezesha mfumo wa GNU Guix kuanza na programu ya baiti 357 tu, ndogo kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuisoma yote kwa penseli, na kupanda kutoka hapo kupitia kompaila ndogondogo hadi GCC na programu zilizo juu yake. Go nayo, kuanzia toleo la 1.21 la mwaka 2023, hutoa baiti zilezile bila kujali imejengwa juu ya mashine gani, hivyo mhadhiri wa Dodoma au Morogoro anaweza kuijenga mwenyewe na kulinganisha zao lake na lile linalopakuliwa kutoka Marekani.

Kwa Nuru, mambo haya yanatoa mwelekeo ulio karibu kuliko unavyoonekana. Ikija kuandikiwa kompaila kwa Nuru yenyewe, kazi ambayo idara ya kompyuta ya chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki ingeweza kuibeba kwa miaka michache, hali yake itafanana na ile ya Hart na Levin: kifasiri kilichoandikwa kwa Go kitaiendesha kompaila hiyo, nayo itajitafsiri. Ikiwa sehemu yake ya nyuma itatoa msimbo wa ARM wa biti 64, raundi zote za kujitafsiri na kulinganisha zinaweza kufanyika ndani ya simu. RISC-V ikifika madukani, sehemu nyingine ya nyuma itaongezwa, na simu ileile ya ARM itakuwa mwenyeji wa kompaila mtambuka. Kishawishi siku hiyo kitakuwa kukiacha kifasiri cha Go kife, kwa hoja kwamba lugha imekua na haihitaji tena mlezi, kama ilivyotokea kwa lugha nyingi baada ya kujitegemea. Kifasiri hicho kinafaa kuendelea kutunzwa, kikifuata kila badiliko la sarufi, kwa kuwa ndicho kitakachokuwa kompaila ya pili ya Wheeler, na ndicho kitakachoiwezesha Nuru kufika kwenye prosesa ambayo bado haijachorwa.